Kabla ya Kuwekewa Vyuma: Namna ya Kujiandaa kwa Upasuaji wa Mgongo Uliopinda Ukubwani

Mtu mzima anayeambiwa kwamba mgongo wake umepinda na huenda akahitaji kuwekewa vyuma husikia mambo mengi kwa mara moja, na mara nyingi hutoka kwa daktari akiwa na bahasha ya picha mkononi na neno moja tu kichwani: upasuaji. Mwongozo huu ni wa mtu huyo na wa ndugu atakayemsindikiza. Nimeufuatisha na jinsi upasuaji wenyewe ulivyobadilika, kwa sababu karibu kila swali la maana la kumuuliza daktari leo limetokana na jambo ambalo madaktari waliotangulia walilifanya kwa nia njema, wakaona madhara yake, wakalirekebisha.

Hakikisha kwanza kwamba chanzo kimejulikana. Kwetu Afrika Mashariki, kibiongo kilichojitokeza katika muda wa miezi, hasa kikiambatana na homa za jioni na kukonda, kinaweza kuwa kifua kikuu cha mgongo, ambacho hutibiwa kwa dawa na si lazima kifike kwenye kisu. Yafuatayo yanahusu zaidi mgongo uliopinda kidogo kidogo kwa miaka, ama tangu ujanani, ama kwa kuchakaa kwa diski na viungo vya pingili, yaani mifupa midogo iliyopangana kuufanya uti wa mgongo.

Kisha shughulikia picha. Kabla hamjazungumzia vyuma, pawe na eksirei ya mgongo mzima, kuanzia kichwani hadi vichwa vya mifupa ya mapaja, iliyopigwa ukiwa umesimama: moja ya mbele na moja ya ubavuni. Umuhimu wa hiyo ya ubavuni ulijifunzwa kwa gharama kubwa. Huko Houston, Texas, katika miaka ya 1950, Paul Harrington aliyekuwa akiwatibu watoto waliopindishwa mgongo na polio alibuni ufito wa chuma wenye ndoano juu na chini, akautangaza kwa madaktari wenzake mwaka 1962. Ufito ule uliunyoosha mgongo kwa kuusukuma kutoka ncha zote mbili, mithili ya jeki inyanyuavyo gari, na picha za mbele zilipendeza kweli. Lakini kiuno cha binadamu kwa asili kina mbonyeo wa kuingia ndani, na ufito ulioshuka hadi kiunoni uliufuta mbonyeo huo. Miaka ilipopita, wengi wa waliotibiwa hivyo walijikuta wameinama mbele, wakikunja magoti ili waweze kuinua uso na kuona njia, na ilipofika jioni walikuwa hoi kwa maumivu na uchovu.

Tangu hapo swali kuu likahama. Haliulizi tena mgongo umenyooka kiasi gani, bali kama kichwa kimekaa sawasawa juu ya nyonga. Madaktari hushusha juu ya picha ya ubavuni mstari wa timazi, kama ule wa fundi mwashi, kutoka pingili ya saba ya shingo, wakapima umeangukia umbali gani mbele ya sakramu, mfupa ulio chini ya kiuno katikati ya nyonga. Utafiti wa Steven Glassman na wenzake wa mwaka 2005 ulionyesha kwamba kadiri timazi inavyoanguka mbele ndivyo maumivu na ulemavu unavyozidi. Katika mpango wa kuainisha migongo iliyopinda ukubwani uliotolewa mwaka 2012, chini ya sentimita 4 huhesabiwa kuwa sawa, na zaidi ya sentimita 9.5 huhesabiwa kuwa tatizo kubwa. Muulize daktari waziwazi: timazi yangu iko wapi leo, na unataka kuifikisha wapi?

Siku ya kupiga picha hiyo, simama kama unavyosimama siku zote. Nyoosha magoti, kunja ngumi nyepesi na uziegemeze juu ya mitulinga ili mikono isizibe mgongo, na usijikaze uonekane umenyooka. Nilimsindikiza shangazi yangu, naye kwa heshima ya kusimama mbele ya wataalamu akajivuta juu kwa nguvu zake zote. Tulipomwomba apumue na kulegea, aliinama mbele palepale, na ndipo picha ya kweli ikapatikana. Ukipigwa ukiwa umelala mezani, kosa huwa kubwa zaidi, kwa sababu kitanda huficha kile ambacho uzito wa mwili hukifichua.

Swali linalofuata ni kama mfupa utakatwa. Katika miaka ya 1980 Wafaransa Yves Cotrel na Jean Dubousset walileta fito mbili zenye ndoano nyingi, wakafundisha kwamba mgongo hupinda na kujisokota kwa pande tatu kwa pamoja. Mfaransa mwingine, Raymond Roy-Camille, alikuwa ameshaonyesha namna ya kupitisha skrubu katika nguzo fupi za nyuma ya pingili. Skrubu ziliposhika vizuri, madaktari walipata uthubutu wa kukata kabari ya mfupa kutoka katika pingili moja na kuufunga mgongo katika umbo jipya, jambo linaloweza kurudisha nyuzi 30 hivi kwa mkato mmoja. Faida ni kubwa, na hatari nayo ni kubwa. Katika utafiti wa vituo 15 uliochapishwa mwaka 2016, uliofuatilia upasuaji mgumu wa aina hii, wagonjwa 22 hivi kati ya kila 100 walikuwa na nguvu pungufu miguuni kuliko kabla ya upasuaji walipotoka hospitalini. Baada ya miezi sita walikuwa kama 11. Wewe ndugu unayemsindikiza, usimfiche mgonjwa takwimu hizi. Uliza pia neva zitalindwaje wakati wa upasuaji. Tangu mwaka 1973 ilijulikana mbinu ya kumwamsha mgonjwa katikati ya upasuaji na kumwambia asogeze miguu, na siku hizi kuna mashine zinazopima mawimbi ya umeme ya neva muda wote. Mojawapo lazima iwepo.

Waombe wakuonyeshe kwa kidole juu ya picha vyuma vitaanzia wapi na kuishia wapi. Juu ya skrubu za mwisho mgongo unaweza kuinama upya, hasa ukinyooshwa kupita kiasi, na ndiyo sababu madaktari wengi sasa hawamnyooshi mzee wa miaka 75 kama kijana wa miaka 30; umri wake huruhusu timazi iwe mbele kidogo. Chini, vyuma vikifungwa hadi kwenye fupanyonga, kiuno hakitakunjika tena, na kukunja kutabaki kwa nyonga na magoti. Hili hutajwa kwa haraka sana kliniki, ilhali ndilo litakalogusa kila siku ya maisha: kuchutama katika choo cha shimo, kujitawadha, kuvaa viatu, kurukuu na kusujudu, kupika kwenye jiko la chini. Mweleze daktari jinsi unavyoishi. Nyumbani, tafuta mapema kiti cha choo na meza ya kuinulia jiko, na ujaribu kuvitumia wiki kadhaa kabla ya upasuaji.

Mwili nao uandaliwe. Pima msongamano wa mifupa, kwa kuwa skrubu haishiki katika mfupa mwepesi, na matibabu ya mifupa huweza kuhitaji miezi. Acha tumbaku kabisa, maana nikotini huzuia pingili kuungana. Dhibiti sukari. Ndugu wajiandae kuchangia damu, kama hospitali nyingi za kwetu zinavyoomba.

Baada ya kurudi nyumbani, inuka kitandani kwa kugeuka ubavu mzima kama gogo, kisha shusha miguu huku mkono ukisukuma godoro. Maumivu mapya ya ghafla, hata baada ya mwaka au miaka miwili, yanaweza kumaanisha ufito umekatika kwa sababu mifupa haikuungana; rudi hospitalini, na uende na ile eksirei ya kwanza ya ubavuni ili ilinganishwe na mpya.