Namna ya Kukagua Ford Crown Victoria Iliyotumika Polisi

Gari la mwisho la aina ya Ford Crown Victoria lilitoka katika kiwanda cha St. Thomas, Ontario, nchini Kanada, Septemba 2011. Kwa kuwa katika miaka yake ya mwisho huko Amerika ya Kaskazini liliuzwa kwa idara za serikali na makampuni tu, mengi kati ya yale ya mwisho yalianza maisha yake polisi. Asili hiyo isikutishe, kwani gari la polisi lilifungwa springi ngumu zaidi na mfumo imara zaidi wa kupoza injini. Linalotakiwa ni kujua lilivyotumika.

Anza na namba ya chesisi. Ukikuta P71 katika nafasi ya tano hadi ya saba, hilo ni gari la polisi, hata kama limepakwa rangi upya. Kisha pitisha kiganja juu ya paa na chungulia ndani ya buti: matundu yaliyozibwa na nyaya zilizokatwa huonyesha mahali palipofungwa taa na redio, na tundu lililozibwa vibaya huvujisha maji hadi chini ya zulia.

Usiamini maili peke yake. Gari la doria husimama muda mrefu injini ikinguruma, na muda huo hauongezi hata maili moja. Kuanzia toleo la 2006, dashibodi ya gari la polisi huhesabu pia saa za injini, ambazo huonekana ukibonyeza kitufe cha maili za safari. Gawanya maili kwa saa hizo. Gari lenye maili 90,000 na saa 6,000 limekwenda wastani wa maili 15 kwa saa, yaani limesimama sana. Mimi ningechagua lenye maili 140,000 na saa 4,000, ambalo wastani wake ni 35 na bila shaka limekula barabara kuu.

Injini ni V8 ya lita 4.6, ngumu kweli kweli, ila baadhi ya magari ya kati ya 1996 na 2001 yalikuwa na manifoldi ya kuingizia hewa ya plastiki tupu, ambayo hupasuka upande wa mbele, pale maji ya rejeta yanapopita karibu na altaneta (mashine inayochaji betri). Mulika hapo kwa tochi ukitafuta unyevu au alama nyeupe za maji yaliyokauka. Manifoldi iliyobadilishwa huwa na kipande cha alumini sehemu hiyo, na kukiona ni habari njema.

Kama uwezo unaruhusu, chukua la 2003 au la baadaye, kwa sababu mwaka huo chesisi ilitengenezwa upya na usukani ukawa wa reki (fimbo yenye meno inayosukuma magurudumu moja kwa moja), hivyo gari hushika njia vizuri zaidi. Hata hivyo, lipandishe juu na ugonge chesisi kwa nyundo ndogo, hasa nyuma karibu na ekseli, maana chumvi inayomwagwa barabarani wakati wa theluji huila kimyakimya.

Unapolijaribu, endesha kwa mwendo wa maili 40 hadi 50 kwa saa huku ukikanyaga mafuta kidogo tu. Mtetemo kama wa kupita juu ya matuta madogo mara nyingi hutokana na oili ya gia iliyochoka, na kuibadilisha kwa Mercon V, aina ya oili ya giaboksi ya otomatiki ya Ford, huweza kuuondoa. Gia zikiteleza, usilinunue. Ukirudi, liache likinguruma dakika 20, kiyoyozi kikiwa kimewashwa, na usiondoe macho kwenye geji ya joto.