Kuchora kwa mistari na rangi tatu, kama Mondrian

Kazi yangu ni kuandika mabango ya maduka hapa Ng'ambo, Unguja. Wateja hutaka minazi na majahazi, lakini mchoro niupendao kuliko yote hauna hata kimoja. Ni wa Piet Mondrian, Mholanzi aliyezaliwa Amersfoort mwaka 1872: ule wa 1930 wenye wekundu mkubwa juu kulia, buluu chini kushoto na kipande kidogo cha manjano kwenye kona ya chini kulia. Wa kwako kwa mtindo huo utengeneze hivi.

Kata plaiwudi sentimita 45 kwa 45, karibu sawa na ule wenyewe. Piga msasa, paka nyeupe mikono miwili, iache ikauke. Wakati wa masika ipe siku mbili nzima.

Rula iweke kando kwanza. Bibi yangu wa Wete husuka mikeka, naye hunipa ukindu uliotiwa rangi nyeusi. Naulaza juu ya ubao, nausogeza nusu sentimita huku, nusu kule, narudi nyuma hatua tatu, natazama. Mstari ukikaa katikati kabisa, mchoro unalala. Usogeze tena. Nimewahi kuhangaika na ukindu mmoja tangu asubuhi mpaka adhana ya adhuhuri, na sikujutia. Mondrian mwenyewe alipokuwa New York, miaka yake ya mwisho, alibandika tepu za rangi kwenye turubai akizihamisha kabla ya kupaka. Mistari yote isiwe na unene mmoja. Mmoja au miwili uinenepeshe.

Ukiridhika, weka alama kwa penseli, bandika tepu ya karatasi pande zote mbili za kila mstari. Mara ya kwanza nilipaka nyeusi moja kwa moja, ikapenya chini ya tepu, kingo zikatoka kama meno ya msumeno. Siku hizi napitisha nyeupe kidogo ukingoni mwa tepu kwanza, ikikauka ndipo naleta nyeusi. Tepu ibandue rangi ikiwa bado mbichi kidogo.

Nyekundu, buluu, manjano, basi. Kijani hapana, mshazari hapana: Theo van Doesburg, aliyeanzisha jarida la De Stijl mwaka 1917 na Mondrian akiwa mwandishi wake, alipoingiza mistari ya mshazari miaka ya 1920, wawili hao walitengana.

Sasa nyeupe, tena. Wengi huiacha kama ukuta uliobaki. Mondrian aliipaka tabaka juu ya tabaka, brashi ikienda wima hapa, mlalo pale. Fanya hivyo kila chumba cheupe kati ya mistari, kwa brashi bapa, ufike mpaka ukingo wa mstari mweusi. Kisha usimamishe ubao karibu na dirisha saa kumi jioni, jua likiingia kwa ubavu: utaona kila nyeupe inang'aa kivyake.

Usiuzungushie fremu. Upigilie juu ya ubao mweupe mkubwa zaidi, utokeze mbele, kama alivyofanya yeye.