Kuandika wasifu wa marehemu baba aliyekuwa makanika wa jeshi

Anzeni na cheti chake cha kustaafu jeshini. Nakilini namba ya utumishi, cheo cha mwisho na miaka kama vilivyoandikwa, kwa sababu wenzake wa kambi ya Kahawa watakaokuja kumzika watasikia kosa mara moja.

Kazi yake ielezeni kwa vitendo. "Alikuwa mchapakazi" haimtofautishi na yeyote. Waulizeni aliofanya nao kazi: alifungua injini gani, gari lilipokwama alianzia wapi, wanagenzi aliwafunza nini? Nyumbani pia hivyohivyo: alimpeleka nani shule, alipika nini Jumapili?

Majina ndiyo huleta ugomvi. Watoto waandikwe kwa mpangilio wa kuzaliwa, wakwe na wajukuu wasisahaulike, na wazee wa pande zote wasome kabla ya kuchapisha. Hapo msiharakishe hata kidogo.

Maneno 500 husomwa kwa dakika tano hivi. Kijitabu cha A4 iliyokunjwa huenda kwa kurasa nne, nane au 12. Zikiwa sita, mbili zitabaki tupu. Picha ya WhatsApp hupungua ubora na kuchapika na ukungu, kwa hiyo itumeni kama faili, au pelekeni ile ya karatasi ikaskaniwe River Road, Nairobi.