Somo: Kusukuma kisa na kumjenga mhusika ndani ya sehemu moja ya tamthilia

Naletewa miswada yenye maelezo haya: "Sehemu hii ni ya kumjenga mhusika, kisa kitaendelea wiki ijayo." Hapo ndipo mtazamaji anapotafuta rimoti. Mhusika hajengwi kwa kukaa dirishani akiwaza. Tunamjua kwa anachochagua akibanwa.

Tumchukue Zaituni, anayeuza mitumba katika soko la Owino, Kampala, kwa niaba ya tajiri wake.

Hatua ya 1. Andika kisa kwa sentensi moja: jioni hii Zaituni anadaiwa mchango wa kikundi cha akiba, naye hana. Basi.

Hatua ya 2 ndiyo yenye kazi. Mpe jaribu linalomgusa yeye. Belo linafunguliwa, anakuta dola mia zimeshonewa ndani ya bitana ya koti. Akizichukua, kisa kimesogea, lakini hata mwizi yeyote angezichukua. Sasa mwonyeshe akiifumua bitana kwa meno, akiificha noti kwenye sidiria, kisha akikaa kuishona upya ile bitana, vizuri kuliko ilivyokuwa, huku wateja wakimsubiri. Huyo ni Zaituni, si mwingine.

Hatua ya 3. Mlipishe. Tajiri anaona uzi mpya kwenye koti kuukuu. Unadhifu wake ndio uliomponza, na sehemu ijayo umeshaipata.

Hatua ya 4. Ng'oa onyesho moja moja. Lisipoacha pengo, likae nje, hasa lile unalolipenda mno.

MASWALI

Mwalimu, tamthilia yetu inarushwa kila siku. Mhusika akibadilika kila siku si atachosha?
Habadiliki kila siku, anafichuka kidogo kidogo. Mabadiliko makubwa yatunzie mwisho wa msimu.

Sisi wa Bombo tuna chumba kimoja na waigizaji wawili. Kisa kitatoka wapi?
Hata Marekani watayarishaji hufanya hivyo makusudi kubana gharama. Mmoja atake kutoka, mwingine awe na ufunguo, na awe na sababu ya kweli ya kutoutoa. Hiyo sababu msiitaje mapema.

Kisengerenyuma, yaani kurudisha kisa nyuma kwenye mambo ya zamani, je? Nataka kuonyesha utoto wa Zaituni.
Kwa nini, dada? Kama mama yake alikuwa fundi cherehani, ule mshono umeshasema.

Mhusika wangu ni afande asiyekula rushwa, habadiliki kamwe. Nifanyeje?
Mwache hivyo hivyo. Kila anapokataa, mtu wa nyumbani kwake alipe gharama, na kamera imfuate huyo.