Kujaribu msimbo wa nyuzi nyingi bila kubahatisha muda

Msimbo unaokabidhi kazi kwa uzi mwingine (thread, yaani mkondo wa kazi unaoendeshwa sambamba na mingine ndani ya programu) hurudi papo hapo, kazi yenyewe ikiwa pengine haijaanza. Jaribio likikagua matokeo wakati huo, linakagua hali ya kabla ya kazi. Wengi hutibu hilo kwa `Thread.sleep(2000)`, inayolaza jaribio kwa milisekunde 2000. Sekunde mbili hutosha kwenye kompyuta ya mwandishi na hupungua kwenye seva iliyoelemewa. Zikitosha, sehemu kubwa hupotea bure. Majaribio 300 ya aina hiyo ni dakika 10 za kulala tu.

Mifano ni ya Java na JUnit 5 (maktaba ya kuendesha majaribio), ila kanuni hazibadiliki sana kwingine.

Punguza kwanza kinachohitaji nyuzi

Klasi inayojiundia nyuzi kwa `new Thread(...)` haina mahali pa kushikwa. Ipokee `Executor`, kitu kinachopewa kazi na kuamua iendeshwe kwenye uzi gani, kupitia konstrakta. Programu halisi itapitisha kundi la nyuzi. Jaribio litapitisha `Runnable::run`, ambayo huendesha kazi kwenye uzi wa mwitaji. Hesabu, masharti na makosa hukaguliwa hivyo bila kusubiri chochote. Njia hii haifai pale kazi inaposubiri kitu ambacho mwitaji atakitoa baadaye: jaribio litaganda.

Subiri ishara, usisubiri saa

`CountDownLatch` ni kihesabu: `countDown()` hukipunguza, na `await` husubiri hadi kifike sifuri.

```java
var mwisho = new CountDownLatch(1);
var jibu = new AtomicReference<String>();

huduma.tafuta("A17", j -> {
    jibu.set(j);
    mwisho.countDown();
});

assertTrue(mwisho.await(5, TimeUnit.SECONDS), "jibu halikufika");
assertEquals("ipo", jibu.get());
```

Sekunde 5 hapa ni kikomo. Jibu likifika baada ya milisekunde 15, jaribio linaendelea hapo hapo. Usiache `assertTrue`: muda ukiisha, `await` hurudisha `false` kimyakimya, haitupi kosa lolote. Msimbo usiotoa ishara yoyote, ukaguliwe kwa kuulizia mara kwa mara. Maktaba ya Awaitility hufanya hivyo kila baada ya milisekunde 100 usipoibadilisha.

Kosa linalomezwa

Hili ndilo baya kuliko yote, kwa sababu jaribio hubaki kijani, yaani huonekana limepita. `assertEquals` ikishindwa ndani ya uzi mwingine, `AssertionError` huua uzi huo peke yake. JUnit huona tu kinachotupwa kwenye uzi unaoendesha jaribio, hivyo hutangaza ushindi. Tuma kazi kwa `submit`, weka kila `Future` (kishikio cha matokeo ya kazi) kwenye orodha, kisha uite `get(5, TimeUnit.SECONDS)` kwa zote bila kuruka hata moja, kosa litakufikia ndani ya `ExecutionException`. Ukitumia `CountDownLatch`, weka `countDown()` ndani ya `finally`, inayoendeshwa hata kosa likitokea, la sivyo kosa la kweli litajificha nyuma ya ujumbe wa muda kuisha.

Kutafuta migongano

`idadi++` ni hatua tatu: kusoma, kuongeza, kuandika. Nyuzi mbili zikisoma thamani moja kwa pamoja, nyongeza moja hupotea. Kuinasa, anzisha nyuzi 8, kila mmoja uongeze mara 10,000, kisha utarajie 80,000. Zote zianze kwa pamoja kupitia `CyclicBarrier`, kizuizi kinachoziachia zote zikishafika. Vinginevyo wa kwanza unaweza kumaliza kabla wa pili haujaanza. Kundi la nyuzi liwe na nafasi 8 kamili. Likiwa na 4, hizo nne zitasubiri milele wenzao wasio na pa kukimbilia.

Rudia kwa `@RepeatedTest(200)`. Kupita mara 200 bado si uthibitisho, ila kushindwa mara moja kunatosha. Kuliamuru jaribio lijirudie hadi lipite ni kuzima king'ora moto ukiwaka. Pia, usishangae hitilafu ikitoweka unapoongeza `System.out.println`: uandishi huo hupitia kufuli moja (lock, inayoshikwa na uzi mmoja kwa wakati), na nyuzi huanza kupeana zamu.

Lugha nyingine zina zana za kutambua migongano: kwenye Go, `go test -race` ni ya lazima; kwenye C++ kuna `-fsanitize=thread`. Zote hutaja sehemu mbili za msimbo zinazogongana hata kama jibu lilitoka sahihi, lakini hukagua tu njia zilizopitwa na jaribio.

Jaribio likiganda

Usiliue kwanza. Endesha `jstack`, zana ya Java inayoonyesha kila uzi uko wapi, pamoja na namba ya mchakato. Nyuzi zikiwa zimeshikiana kufuli, itazitaja na mistari zilipokwama. Kwa kikomo cha jumla tumia `@Timeout`. `assertTimeoutPreemptively` huhamishia msimbo kwenye uzi mwingine, na chochote kilichohifadhiwa kwenye `ThreadLocal` (hifadhi ya uzi mmoja tu), miamala ya hifadhidata ya Spring ikiwemo, hakionekani huko.

Ndani ya `@AfterEach`, inayoendeshwa baada ya kila jaribio, ita `shutdownNow()` kisha `awaitTermination`, na ukague jibu lake. Uzi uliosalia hai utaharibu jaribio linalofuata, na utapoteza muda kuchunguza jaribio lisilo na kosa.