Kwenda Arabuko kutoka Mombasa bila gari lako, na usirudi ukisema hukuona kitu

Sisi watu wa Mombasa ukituambia twende tukatembee, akili yote inakwenda baharini. Paireti, Nyali, Mama Ngina tule mihogo ya kukaanga, basi tumemaliza. Na wakati huohuo saa mbili tu kwa matatu kuna msitu wa kilomita za mraba kama 420 ambao wazungu wanapanda ndege kuja kuutazama. Mimi mwenyewe nimepita ubavuni mwake sijui mara ngapi nikienda harusi Malindi, nimelala dirishani mdomo wazi, sikuwa najua kwamba ile miti upande wa kushoto ukishaipita Kilifi ndiyo Arabuko-Sokoke.

Mara ya kwanza nlienda vibaya wallahi. Tulikuwa watu tisa, mabinamu na marafiki, spika moja kubwa, sufuria ya biriani, tukafika saa sita mchana jua la utosi, tukatembea nusu saa tukaona vipepeo viwili na siafu, mmoja akauliza "sasa simba wako wapi?" tukala biriani tukarudi tukasema hakuna kitu kule. Kitu kipo, sisi ndio tulienda kama tunaokwenda bichi. Kwa hivyo haya ni kwa yule asotaka kurudia yetu.

Kwanza ujue unakwenda kutazama nini. Simba hakuna. Ndovu wapo ila wanajificha, utaona mavi yao zaidi ya kuwaona wenyewe, na kwa mtu aliye kwa miguu afadhali iwe hivyo. Sifa ya Arabuko ni vitu vidogo. Kuna sange mwenye kitako cha rangi ya dhahabu, mnyama kama sungura hivi lakini ana pua ndefu inayochezacheza, huyo duniani kote yuko Kenya peke yake na hapa ndipo ngome yake. Kuna bundi mdogo wa Sokoke, urefu wake haufiki hata rula ya skuli. Kuna kwera, wale ndege wanaosuka viota, anayeitwa kwera wa Clarke ambaye hapatikani nje ya kaunti ya Kilifi. Ukienda na moyo wa kuona vitu kama hivi utafurahi, ukienda na moyo wa Tsavo utaboeka.

Sasa plani. Wengi hupanga safari kuanzia asubuhi kwenda mbele, mimi hupanga kinyume, naanza na maji ya jioni. Maana siku nzuri ni msitu asubuhi, magofu ya Gede mchana penye kivuli, halafu Mida alasiri, ule mkono wa bahari wenye mikoko, na Mida bila kujua maji utakuta tope tupu na ndege wako mbali huko kama nukta. Unataka kufika maji yakiwa yanajaa, ndio yanawasukuma ndege waje karibu na mikoko. Huhitaji programu yoyote ya simu, tazama mwezi. Siku za bamvua, yaani mwezi ukiandama na ukiwa mpevu, mwezi mosi na mwezi kumi na tano, na siku mbili tatu zake, huku kwetu maji hujaa kama saa kumi alasiri, kwa hivyo ukifika Mida saa nane kwenda saa tisa umeyapata yanapanda. Siku za maji mafu, mwezi ukiwa nusu, mambo hugeuka, saa kumi hiyo ndiyo yamekupwa. Chagua wikendi ilokaribu na bamvua basi. Na mwezi wa nne na wa tano usijisumbue, mvua ya masika ikishika njia za ndani zinakuwa uji.

Msituni uwe umeshafika kumi na mbili na nusu, ikichelewa sana saa moja. Ikigonga saa tatu na nusu ndege wote kimya, kila kiumbe kimejifichia jua. Ukitoka Mombasa saa kumi alfajiri utawahi, ni kama kilomita mia hivi, na faida nyingine ni kwamba jamu ya Mtwapa hujaikuta. Lakini kusema kweli mimi siku hizi nalala Gede usiku wa kabla, vyumba vya bei ya chini vipo, unaswali alfajiri pale, unakunywa chai na mahamri kwa mama yeyote wa barabarani, halafu unachukua tuktuk. Matatu ni zozote za Malindi. Mwambie makanga akushushe ofisi za msitu, kabla kidogo ya kufika Gede, na umkumbushe tena ukiwa Kilifi maana makanga akishachanganyikiwa na chenji anakusahau hadi Malindi.

Kuhusu malipo sikuandikii bei kwa sababu zinabadilika. La kujua ni kwamba msitu uko chini ya serikali, KWS wa wanyamapori na KFS wa misitu wote wamo, na noti mkononi usizitegemee, malipo ya KWS ni eCitizen, ule mtandao wa huduma za serikali, kwa M-Pesa. Lipa jana yake ukiwa na mtandao mzuri, beba kitambulisho chako ulipe kama mwananchi. Chaji simu. Ila beba na pesa taslimu kidogo za mwongozaji, tuktuk na madafu.

Mwongozaji. Hapa ndipo watu hubania, na hapa ndipo siku inapoharibika. (Na usiniambie "gaidi", kwetu hilo neno lina kesi.) Pale ofisini kuna vijana na wazee wa vijiji vya karibu waliosomea kazi hii, wengi ni Wagiriama waliozaliwa ukingoni mwa msitu. Mpigie au muulizie siku kabla, mwelewane bei kabla hamjaingia, usije ukaanza kubishana mbele ya ndovu. Mimi macho yangu ni ya mjini, nlisimama chini ya mti nkionyeshwa bundi wawili dakika nzima siwaoni, mzee ananiambia "si hao hapo mwanangu, wanakutazama," kumbe niliyodhani majani makavu ndiyo wao, wamekaa bega kwa bega. Kwetu bundi ni uchuro, bibi yangu angesoma Yasini, lakini wale nakwambia ni wazuri.

Mavazi: suruali ndefu, soksi uziingize suruali ndani utacheka lakini kupe hawatacheki na wewe, viatu vya kufunga, rangi zilizopoa. Kina dada buibui msituni litanasa kila mwiba, dera fupi kidogo na suruali chini yake na leso ya ziada inatosha. Leso ina kazi mia, ya kukalia, ya jasho, ya kufunga chakula. Maji lita mbili kila mtu. Manukato yaache nyumbani, udi pia. Na usishikeshike majani usoyajua, ukikutana na upupu utajikuna hadi Mtwapa.

Ukishaingia, tembea polepole kuliko unavyofikiri. Kiasi cha mtu anayetafuta sindano. Kila baada ya muda simameni mkae kimya dakika tano, hapo ndipo msitu unafunguka. Sange unamsikia kabla hujamuona, anafukuafukua majani makavu na ile pua, krsh krsh, na mara nyingi kuna ndege mdogo mwenye kifua cha rangi ya chungwa anamfuata nyuma kuokota wadudu anaowafukua. Ukimwona huyo ndege anatembea chini chini usimpuuze, tajiri wake yuko hapo mbele. Sange akishtuka anapiga majani kwa mkia kisha anatoka kama risasi, unabaki na ile dhahabu machoni tu. Picha usitegemee.

Angalia na udongo, maana msitu huu ni mitatu ndani ya mmoja. Karibu na barabara mchanga wa kijivu, miti mchanganyiko imeshikana, hapo ndipo utakuta mbambakofi, mbao ileile ya milango ya Mji wa Kale, na chini yake mbegu nyeusi zenye kofia nyekundu, okota moja kwa macho tu uirudishe. Ukiingia ndani mchanga unakuwa mweupe na miti ni mirihi, mirefu, imeachana, mwanga unapita, kwangu mimi hapo ndipo pazuri kuliko pote na ndipo utazame juu kwa wale kwera. Mbele zaidi udongo mwekundu, vichaka vigumu, ndiko kwa bundi. Huko kwa miguu kutoka Gede ni mbali, kama mko wanne watano changeni mkodi Probox. Ukiona mavi ya ndovu yanatoa mvuke mwongozaji akasema turudi, mnarudi, hakuna mjadala.

Saa nne na nusu tokeni. Magofu ya Gede yako karibu, na yenyewe yamo ndani ya kimsitu chake kwa hivyo mchana hauchomi. Mji wa Waswahili huu, una msikiti mkuu, jumba la mfalme, visima, kaburi lenye tarehe ya mwaka 802 Hijria, yaani 1399, na watu waliuhama mwanzoni mwa karne ya 17. Wengine husema visima vilikauka, wengine vita. UNESCO wameuingiza kwenye urithi wa dunia mwaka 2024. Tazama visima vyenyewe uone vilivyochimbwa kwenda chini, halafu uamue mwenyewe. Na sambusa usizitoe pale! Kima wa Gede ni wezi wa daraja la kwanza, mimi alininyang'anya mfuko mzima wa viazi karai akapanda nao juu ya ukuta wa miaka mia kadhaa, akala akinitazama.

Hapohapo ndani ya uwanja kuna Kipepeo, mradi ulioanza 1993, wakulima wa pembezoni mwa msitu wanalea vipepeo wanauza mabuu waliojifunga kwenda maonyesho ya ng'ambo. Ni sababu ya mtu kuuacha mti umesimama badala ya kuufanya makaa. Nunua asali yao, nzito.

Mida usikae dakika kumi ukaondoka. Lile daraja la mbao na kamba linapita katikati ya mikoko linayumbayumba, mwenye presha ashike pembeni, na mwisho wake kuna kibanda cha kutazamia ndege. Kiingilio kinasaidia karo za sekondari kwa watoto wa vijiji vya kandokando ya msitu, kwa hivyo hapo usiombe discount. Kuanzia mwezi wa tisa hadi wa nne kunajaa ndege waliotoka Ulaya na Urusi kukimbia baridi. Mkiwa na njaa Dabaso si mbali, kuna kikundi cha jamii wana mkahawa juu ya mikoko, sambusa za kaa ndizo zimewapa jina. Sisi wengine kaa hatuli, lakini samaki wapo.

Saa kumi na moja na nusu uwe umesimama barabarani, na ikiwa ni Jumapili hata mapema zaidi, matatu zinatoka Malindi zimejaa hadi mlangoni na nauli imepanda. Zikipita tatu hazisimami usingojee ya nne, panda yoyote ya Kilifi, ushuke uchukue nyingine pale, na ukingoja nunua korosho.