Unalea watoto wa wenzio: ukijifungua, nani atakulipa?

Nilipopata mimba ya kwanza nilikuwa nalea watoto wanne wa watu nyumbani kwangu. Mama zao wote walikuwa na likizo ya uzazi kazini. Mimi niliyekuwa nawabebea watoto ili waende huko kazini sikuwa na hata siku moja.

Sababu ni hii. Mkataba Na. 183 wa Shirika la Kazi Duniani, wa mwaka 2000, unataka likizo isiyopungua wiki 14, sita kati yake baada ya kujifungua. Lakini unawahusu wanawake walioajiriwa. Sisi tuliojiajiri tumeachiwa sheria za kila nchi: kwingine unajiunga na mfuko wa hifadhi ya jamii kwa hiari, kwingine kuna posho maalumu. Uingereza, kwa mfano, aliyejiajiri anaweza kulipwa posho ya uzazi hadi wiki 39, ila awe amefanya kazi angalau wiki 26 katika zile 66 kabla ya wiki anayotarajia kujifungua.

Masharti ya muda ndiyo yaliyoninasa. Nilifika kwenye mfuko tumbo likiwa la miezi saba. Karani akapitisha kalamu kwenye michango yangu: moja, mbili, tatu, nne. Akanirudishia karatasi. Hakunionea, nilichelewa mwenyewe. Kwa hiyo jiunge kabla hata ya kushika mimba, na uulize: michango inatakiwa mingapi, fomu inapelekwa lini, na je, mwanachama wa hiari anapata mafao ya uzazi au pensheni tu? Hilo la mwisho usilikisie.

Sasa daftari. Mafao mara nyingi hukokotolewa kwa kipato, na kipato chetu huja kwa mkono, leo nusu, Ijumaa iliyobaki. Langu lina safu nne: tarehe, jina la mtoto, kiasi, sahihi ya mzazi. Kila anayelipa anasaini palepale mlangoni, hata akiwa na haraka. Wa simu, nahifadhi ujumbe. Mwanzoni waliniona nina makuu. Mimba ya pili lile daftari ndilo nililoliweka mezani.

Wazazi waambie mapema, miezi mitatu kabla si mingi. Andikianeni: unafunga lini, unarudi lini, nafasi ya mtoto inashikwa au la, na kwa malipo gani. Mimi wawili walikubali kulipa nusu ili nafasi isiende. Wengine wakaondoka, wala sikuwalaumu.

Akiba ihesabu kana kwamba utaacha kazi mwezi wa saba wa mimba, si wa tisa. Kazi yetu ni kuinama na kubeba, na watoto huleta magonjwa: tetekuwanga ikiingia nyumbani na wewe mjamzito hujawahi kuugua, muone daktari siku hiyohiyo. Mimi ilinifungia kazi wiki tano kabla ya nilivyopanga.

Halafu ukishaanza kulipwa, usipokee mtoto “wa saa mbili tu” kabla ya kuuliza sheria. Uingereza huruhusu siku 10 za kazi bila kukatwa posho. Kwingine hata siku moja inaweza kukukosesha malipo. Jirani akija kubembeleza na mtoto mgongoni, mwelekeze kwa mlezi mwingine. Namba yake iwe tayari kwenye simu yako.